“Shukuru kwa Kila Jambo”: Mstari Mzuri Tunaowapigia Wafiwa

Keti kwenye msiba wowote hapa Mwanza, Nyamagana au Ilemela, na haitapita saa moja kabla mtu hajamwinamia mfiwa na kumwambia, “Mama, shukuru Mungu kwa kila jambo.” Mama anaitika “Amina” kwa sababu hana nguvu ya kusema kingine. Matanga yakishaanuliwa anakuja kwa mchungaji na swali zito: je, amekufuru, maana ameshindwa kumshukuru Mungu kwa kifo cha mwanawe? Sisi tunaofanya ushauri wa kichungaji tunalisikia swali hili mara nyingi kupita kiasi. Na kila anayeuliza ameumizwa mara mbili, kwanza na msiba, kisha na watu wa kanisa lake. Hapa chini nimeweka dhana tano kuhusu shukrani tunazozisikia, kila moja na jibu lake.

“Mkristo wa kweli halalamiki, hushukuru hata kwa baya lenyewe.”

Si kweli, wapendwa, na ni dhana inayowafukuza watu mbali na Mungu. 1 Wathesalonike 5:18, ule mstari wa “kila jambo” wenyewe, inatuagiza tushukuru katika kila hali tuliyomo. Haisemi kwamba kila kinachotupata ni chema. Soma Yohana 11 bila haraka. Katika mstari wa 35 Yesu analia. Katika mstari wa 41 anasema, “Baba, nakushukuru kwa kuwa umenisikia.” Machozi na shukrani vimekaa sura moja, kinywa kimoja, na kilichoshukuriwa hapo ni kusikiwa na Baba. Kifo cha Lazaro hakikushukuriwa.

Watu wa ziwani wangepaswa kuielewa Matendo 27 kuliko wote. Meli ina watu 276, upepo umewasukuma kwa siku kumi na nne, jua na nyota havijaonekana kwa siku nyingi. Paulo anatwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele ya wote, anaumega na kuanza kula. Alishukuru kwa mkate. Dhoruba hakuishukuru, na tena katika mstari wa 21 alikuwa amekwisha kuwaambia wazi kwamba iliwapasa kumsikiliza na kutong’oa nanga Krete. Moyo wake wa shukrani haukumziba mdomo kuhusu kosa la watu.

Mji huu una makaburi ya Igoma, walikozikwa waliozama na meli ya MV Bukoba katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996. Meli ile ilizidisha abiria. Ukimwambia mtu aliyempoteza baba yake siku ile amshukuru Mungu kwa ajali, umemtwika Mungu lawama ya binadamu na kumwondolea mfiwa haki yake ya kuuliza kwa nini. Anachoweza kushukuru, siku atakapoweza, ni miaka aliyoishi na baba yake, jirani aliyekesha naye msibani, na tumaini la ufufuo. Hayo yanatosha. Usimwongezee mzigo.

Kisha kuna wanaomleta Ayubu: “Bwana alitoa, na Bwana ametwaa.” Ni sawa, lakini angalia nani aliyesema. Ni Ayubu mwenyewe, baada ya kurarua joho lake na kunyoa kichwa. Hakuna aliyemsimamia akimtaka aseme hivyo. Sura ya 3 yote anailaani siku aliyozaliwa, na bado katika 42:7 Mungu anasema Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa, huku akiwakasirikia wale rafiki waliokuwa na majibu ya kila kitu. Jambo jema kabisa walilofanya rafiki hao liko katika 2:13, walipokaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kusema neno. Ukienda kumhani mfiwa, anzia hapo. Kaa. Chota maji, osha vyombo, toa rambirambi yako, nyamaza.

Kwa mwenye maumivu asiyejua aombe vipi, mpe Zaburi 13. Ina mistari sita tu na imepangika vizuri. Mistari ya 1 na 2 ni malalamiko, na “hata lini” inarudiwa mara nne. Ya 3 na 4 ni ombi. Ya 5 na 6 ni tegemeo na wimbo. Mweleze aombe kwa mpangilio huo huo, na maneno yawe ya kwake. Mwambie pia kwamba akiishia mstari wa 4 leo, asilazimishe. Kesho aanze tena kuanzia mwanzo. Wengi hukosea kwa kurukia mstari wa 6, wakaimba huku moyo umefungwa, na mwezi ukiisha wameacha kuomba kabisa. Na kama hata hilo ni gumu, ipo Zaburi 88, inayoishia gizani bila neno la faraja mwishoni, na Mungu ameiacha ndani ya Biblia.

Kwa mambo ya kila siku kanuni ni ile ile. Mvuvi ameamka mwaloni akakuta injini ya mtumbwi imeibwa. Asishukuru kwa wizi. Ashukuru kwamba vijana wake wako salama na mtumbwi bado upo, kisha siku hiyo hiyo atoe taarifa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa uvuvi pale mwaloni, na polisi. Paulo na Sila waliimba gerezani Filipi usiku wa manane, na kulipokucha Paulo akakataa kuondoka kimyakimya. Alitaka wakuu wenyewe waje kuwatoa, kwa sababu walipigwa hadharani bila kuhukumiwa.

Nalisema hili kwa uzito hasa kwa ajili ya wanawake wanaopigwa na waume zao, kisha wanaambiwa “shukuru una ndoa, wenzako hawana.” Huo si ushauri wa Kikristo. Ni kumfunga mtu kinywa kwa kutumia jina la Mungu. Mwanamke huyo apelekwe hospitali, apelekwe dawati la jinsia polisi, atafutiwe mahali salama pa kulala. Mambo ya kushukuru atayaona mwenyewe akiwa hai.

“Nimeshamshukuru Mungu, binadamu simdai wala hanidai.”

Hii nayo inachosha. Inavaa sura ya unyenyekevu, ila mara nyingi ni kiburi tu cha mtu asiyetaka kuonekana alisaidiwa. Katika Warumi 16 Paulo anawataja Priska na Akila, waliohatarisha shingo zao kwa ajili yake, na anasema wazi kwamba anawashukuru. Nusu ya Wafilipi 4 ni asante kwa watu waliomtumia msaada kwa mkono wa Epafrodito, na anakumbuka hata ule wa zamani waliomletea Thesalonike.

Asante nzuri ina vitu vitatu: taja alichofanya, taja kilichomgharimu, taja kilichobadilika kwako. Mfano: “Mama Neema, asante kwa kulala hospitali ya Bugando ukimwuguza mwanangu usiku ule. Najua ulikuwa na mzigo wa dagaa pale soko la Mwaloni, na asubuhi hukufungua meza. Kwa sababu yako nilipata usingizi, nikaweza kuwahudumia wadogo zake.” Hapo mtu amejua umemwona. “Asante sana, Mungu akubariki” peke yake ni njema, lakini aliyelala sakafuni hospitalini anastahili zaidi ya hapo.

Mwambie ndani ya wiki. Ukichelewa, sema tu, usikae na aibu. Usiunganishe asante na ombi jipya, maana kuanzia hapo kila ukimshukuru atakuwa anasubiri unataka nini tena. Wala usikimbilie kumrushia hela kwenye simu dakika hiyo hiyo kana kwamba unafuta deni, isipokuwa kama alikukopesha. Zawadi ikija baadaye, samaki wawili au mkungu wa ndizi, inapokelewa kwa furaha.

“Shukrani ya kweli ni bahasha kubwa madhabahuni.”

Sadaka ya shukrani ni ya kibiblia, hilo halina ubishi. Ila soma Walawi 7:12–15. Mtoaji alileta mnyama pamoja na mikate, isiyochachwa na iliyochachwa, na nyama ile ilipaswa kuliwa siku hiyo hiyo, isibaki hata asubuhi. Mbuzi mzima kwa siku moja humli peke yako na mkeo. Ilibidi uite watu. Shukrani iliyoagizwa na Mungu ilikuwa na jirani mezani.

Kwa hiyo tajiri wa mitumbwi anayesimama Jumapili na bahasha nono, wakati vijana waliomvulia dagaa giza lote la mwezi hawajapewa mgawo wao, afungue Yakobo 5:4. Ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zimemfikia Bwana. Alipe kwanza wavuvi wake, halafu alete bahasha, hata ikiwa nyembamba.

“Nikiona walio na hali mbaya kuliko mimi, nashukuru.”

Luka 18:11. “Ee Mungu, nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine.” Mfarisayo alishukuru hivyo hivyo, akarudi nyumbani bila kuhesabiwa haki. Ukimwona mwenye shida, mpe chakula. Usimgeuze ngazi ya kukupandishia furaha.

“Sala ya chakula ikiwa ndefu ndiyo ina shukrani.”

Ugali unapoa, watoto wanachungulia sato kwa jicho moja, na baba bado anaombea mataifa. Fupisha, nakuomba. Mpe mtoto mmoja zamu kila siku ataje mtu mmoja aliyefanya chakula kile kifike mezani: aliyevua, aliyepaa magamba sokoni, aliyesaga unga, dada aliyesonga. Amshukuru Mungu kwa ajili ya mtu huyo, aseme Amina. Na kama aliyetajwa yupo hapo mezani, mtoto amgeukie amwambie asante kabla ya kunawa mikono.