Picha ya zamani ya watu msiowajua: itafutieni mwaka kwanza, madoa baadae

Wengi wanaoniletea picha za zamani wanataka kitu kimoja tu, "fundi itoe madoa iwe kama mpya", na mi kabla sijagusa chochote nauliza hawa ni kina nani na walipigwa lini, wakiniambia hawajui basi madoa yatasubiri. Picha ya watu wasiojulikana kila kilichopo juu ya ile karatasi ni ushahidi, mkunjo, kutu ya pini, muhuri wa studio uliofifia, mpaka doa lenyewe. Ukishasafisha umeshafuta.

Nichukue mfano mmoja, wenyewe wameniruhusu ila majina siweki. Picha saizi ya postikadi, vijana wa kiume safu tatu, tarbushi kichwani, magwanda, wengine wamezungushia vitambaa miguuni kama askari wa zamani, mbele watoto wawili wamekaa chini. Dada aliyeileta anasema kwao wamekua wakiambiwa hao ni askari wa vita vya Mjerumani, ile ya 1914 mpaka 1918, na mmojawapo ni baba wa bibi yake ila haijulikani ni yupi. Alitaka niisafishe aitundike sebuleni na maandishi hayohayo chini.

Nikaigeuza nyuma kwanza. Watu hawageuzi picha! Kuna muhuri, jina la studio limekufa lakini chini yake inasomeka "Dar es Salaam, T.T.", yani Tanganyika Territory, anwani za enzi za Mwingereza ziliandikwa hivo. Jina Tanganyika limeanza kutumika rasmi 1920 na uhuru ni Desemba 1961, kwaiyo muhuri umekaa humo katikati, labda na miezi kadhaa ya ziada maana mwenye studio hatupi muhuri wake siku bendera inapobadilika. Alafu nikazima taa za ofisini nikaimulika na ile tochi ya zambarau ya kukagulia noti bandia, ziko kibao Kariakoo na bei yake ni ndogo. Karatasi ikawaka nyeupe ya kibluu. Viwanda vya karatasi za picha vilianza kutia dawa ya kung'arisha weupe kwenye miaka ya 1950, kwaiyo karatasi inayowaka hivo haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Kinyume chake hakina uhakika, isipowaka usiseme ni ya zamani maana karatasi zingine hazikutiwa hiyo dawa kabisa, na pia angalia isije ikawa ni doa la sabuni ya unga ndo linawaka.

Sasa hapo hesabu inagoma. Karatasi ni ya miaka ya 1950 au mwanzoni mwa 60, na aliyepigana 1914 wakati huo ni mzee wa miaka sitini hivi, ila hawa kwenye picha ni vijana wabichi. Ukikutana na kitu kama hiki usikimbilie kusema familia wamedanganywa, angalia kama picha uliyoshika sio picha ya picha. Zamani mkanda, yani negativu, ukipotea ulikuwa unapeleka picha yako studio wanaipiga tena upya. Dalili zake zipo, kwenye hii kulikuwa na mpasuko mrefu kutoka kona ya juu mpaka bega la kijana mmoja lakini ukipitisha kucha pole pole pembeni kabisa husikii kitu, karatasi ni laini, yani mpasuko ulikuwa kwenye picha ya mwanzo na huku umepigwa tu. Na kona mbili zina vivuli vya vichwa vya pini. Kwaiyo tuna tarehe mbili, ya karatasi na ya siku vijana walipojipanga mbele ya kamera, na watu wengi wanachanganya hizo mbili.

Ya pili unaitafuta ndani ya picha, na hapa kuna kanuni moja ambayo naishikilia kuliko zote: kinachoamua ni kitu kipya kuliko vyote kwenye picha, sio kikongwe kuliko vyote. Mzee anaweza kuvaa koti la ujanani kwake miaka thelathini, lakini hakuna anayeweza kupiga picha na kitu ambacho bado hakijatengenezwa. Timu ya mpira ikiwa na mpira wa vipande vyeusi na vyeupe, ule ulitambulika dunia nzima kwenye Kombe la Dunia 1970, hata kama jezi zinaonekana za kikoloni usinirudishe 1950.

Nikaiskani kwa 1200 dpi, yani nukta 1200 kwa kila inchi, kwa saizi hiyo unapata pikseli kama 4200 kwa 6600, kwa rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, na kwenye faili la TIFF sio JPEG, maana JPEG inapunguza vitu vidogo vidogo. Nikaanza kutembea kwenye usuli, mana macho ya kila mtu yanakimbilia kwenye sura na huko nyuma hakuna anaeangalia. Juu ya bega la kijana wa mwisho kulia kuna kitu kama mti uliokatika, ukikikuza unaona mtu ameinama na bunduki yenye singe mbele. Sanamu ya Askari! Hii hii ya Posta, Samora na Azikiwe, mtaa uliokuwa unaitwa Acacia Avenue. Ilizinduliwa 1927, na kabla ya 1916 eneo lile lilikuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, ambayo Waingereza waliiondoa walipouteka mji. Kwaiyo picha haiwezi kuwa ya kabla ya 1927, na kijana anaeonekana ana miaka ishirini hapo, vita ilipoisha alikuwa na kumi na moja tu au chini ya hapo.

Sasa magwanda? Angalia vizuri, hakuna wawili waliovaa sawasawa, vifungo tofauti, nishani zimebandikwa upande wowote, hakuna hata bunduki moja, na nyuma ya wale watoto kuna duara la ngoma kubwa limekatwa na ukingo. Mimi naamini ni watu wa beni. Mji huu ulikuwa na Marini na Arinoti, vyama vya ngoma vyenye vyeo vya kijeshi, gwaride na matarumbeta, na vijana walitumia hela zao kweli kweli kwenye yale mavazi. Dada alinyong'onyea kidogo nilipomwambia, nikamwambia dada yangu usihuzunike, babu yako alikuwa mtu wa mjini mwenye chama chake, hiyo ni historia ya Dar yenyewe. Nikamwandikia: picha ya kwanza ni 1927 au baadae, labda miaka ya 1930, nakala ni ya miaka ya 1950 au mwanzo wa 60.

Usafishaji baada ya hapo ni kazi fupi. Doa la njano linakula mwanga wa bluu kwaiyo kwenye programu ya picha ukichukua chaneli nyekundu, yani sehemu ya rangi nyekundu, peke yake nusu ya madoa yanapotea bila kugusa sura ya mtu. Ukungu unakaushwa kwa feni kivulini alafu unapanguswa na brashi laini, kamwe sio kitambaa cha maji wala spiriti, ile tabaka ya juu ni jelatini, ikilowa inalainika na kuondoka na picha yenyewe. Na ikishaganda kwenye kioo cha fremu, joto la hapa linafanya hivo sana, usiibandue, ipige picha hapo hapo ikiwa kwenye kioo.

Kuhusu apu za akili mnemba, naomba mnisikilize. Mdogo wake dada alishaipitisha kwenye apu, ikatoka nzuri inang'aa, ila vijana wote wamepewa meno na macho ya kuchorwa na ile sanamu imegeuka kuwa nguzo ya umeme. Sura ya mtu asiyejulikana ndo kitu pekee ambacho mzee mmoja huko Magomeni au Temeke anaweza kuitambua, ukiibadilisha umemnyima nafasi hiyo. Rangi pia msikubali haraka, mikanda mingi ya zamani haikuona nyekundu, tarbushi nyekundu inatoka nyeusi na ngozi inatoka nyeusi kuliko ilivyo.

Kwa wazee peleka nakala kubwa na karatasi ya kalki, ile inayoonyesha chini yake, iliyochorwa vichwa tu, kila kichwa na namba, usiwaambie wazee familia inaamini nini, waache waongee na wewe andika namba na jina na nani kasema. Nyuma ya picha halisi andika kwa penseli laini pembeni, sio bolpeni, alafu iweke kwenye bahasha ya karatasi, sio nailoni, mbali na ukuta unaolowa mvua za masika.