Je, wajua? Shirika la maafa la taifa mara nyingi halina hata gari moja la zimamoto

Mimi kwa miaka mingi nilikuwa na picha yangu kichwani. Kila nchi yenye shirika la taifa la ulinzi wa raia ina jengo kubwa mahali, chini magari yamepangwa yanang'aa, juu vijana wamelala na buti miguuni, simu ikilia tu wanaruka. Sasa likitokea tetemeko au mafuriko halafu siku ya pili bado sijawaona kwenye TV, naanza kulaumu, hawa watu wamelala au vipi? Kumbe nilikuwa nawalaumu kwa kazi ambayo wala si yao.

Ukiingia ofisi yenyewe utakuta watu wenye vizibao, simu, ramani ukutani, kompyuta nyingi na chai iliyopoa. Ghala wanaweza kuwa nalo, la mahema, blanketi, jenereta, maji. Lakini ukiuliza nani anavunja zege amtoe mtu chini ya kifusi, jibu ni zimamoto wa mji fulani, jeshi, Msalaba Mwekundu, watu wa kujitolea, na kabla ya hao wote jirani na mikono yake.

Chukua FEMA, shirika la taifa la maafa la Marekani, lililoundwa 1979 na Rais Jimmy Carter kwa kukusanya ofisi zilizokuwa zimetapakaa serikalini. Ina vikosi 28 vya kutafuta na kuokoa watu mijini, wale wenye mbwa na vifaa vya kusikiliza chini ya kifusi, na hapo nikasema haya sasa, vikosi si hivi? Nikaangalia vizuri. Wengi wa wanavikosi ni waajiriwa wa idara za zimamoto za huko huko miji na kaunti, FEMA inachangia hela, vifaa na mafunzo, na siku ya balaa inawaazima. Maafa yakiisha kila mtu anarudi kituoni kwake kuosha gari.

Haiko hivyo kila mahali, tuseme ukweli. Urusi ina wizara nzima ya dharura yenye zimamoto na ndege zake, na Ujerumani ina THW, shirika la serikali kuu tangu 1950 lenye malori na pampu za kwake, ila hata hilo karibu watu wake wote ni wa kujitolea wenye kazi zao nyingine. Kwa hiyo nisije nikatoka kwenye kosa moja nikaingia jingine. Lakini mtindo wa kuazima ndio umeenea sana.

Historia nitaipita haraka. Mambo haya yalianzia kwenye ulinzi wa raia dhidi ya mabomu ya ndege, na ndiyo maana alama ya ulinzi wa raia, pembetatu ya bluu kwenye rangi ya chungwa, imo kwenye Itifaki ya Ziada ya 1977 ya Mikataba ya Geneva, zile sheria za vita, yaani ni alama ya vita kabla ya kuwa ya mafuriko. Baadaye wakaongezewa matetemeko, moto, kemikali, magonjwa.

Sasa twende kwenye kiini, kwamba mtu asiye na magari anasaidiaje.

Fikiria muongoza ndege pale kwenye mnara. Hana ndege hata moja, hajui kurusha, na hakuna rubani aliyeajiriwa naye, lakini mwondoe dakika kumi tu uone. Thamani yake ni kwamba yeye peke yake ndiye anayeziona zote kwa pamoja, na wote wamekubaliana kabla kwamba akisema subiri, unasubiri. Hicho cha pili ndicho kigumu. Wizara ya afya haipendi kuamriwa na wizara ya ujenzi, ni wenzao, wako daraja moja. Ndiyo maana Italia waliiweka idara yao ya ulinzi wa raia chini ya ofisi ya waziri mkuu, juu ya mabishano. Na waliifikia hiyo hatua kwa uchungu, maana tetemeko la Irpinia la tarehe 23 Novemba 1980 liliua maelfu na msaada ukachelewa mno, mpaka Rais Sandro Pertini akaenda mwenyewe kuona, akarudi akalalamika kwenye televisheni mbele ya nchi nzima. Sheria iliyounda mfumo mzima wa taifa ikaja 1992, miaka 12 baadaye, sheria hazinaga haraka.

Mfano wa pili ni ndoo. Panga ndoo kwenye ngazi, maji yanaingia ya kwanza, ikijaa ndipo yanamwagikia inayofuata. Maafa yanaenda hivyo hivyo ila ngazi yenyewe inapanda (kwa maji haiwezekani, nivumilie). Mji unaanza na vyake, ukizidiwa unaomba mkoa au jimbo, jimbo likizidiwa ndipo linaomba taifa, na taifa likizidiwa linaomba nje. Kwa Marekani hii imo kwenye sheria ya 1988, kwa kawaida gavana ndiye anaomba, rais anatangaza, ndipo mfuko unafunguka, na kwa matumizi mengi serikali kuu inabeba angalau asilimia 75. Kwa hiyo ule ukimya wa siku ya kwanza uliokuwa unanikera, wakati mwingine ni ombi bado linapanda ngazi.

Ubaya wa ndoo unauona. Je, ikiwa ndoo ya kwanza imepasuka kabisa, ofisi ya mji imezama, simu hazipo, nani ataomba? Ndicho kilichoonekana kwenye kimbunga Katrina 2005, na mwaka uliofuata sheria ikarekebishwa ili FEMA iweze kusogeza vitu karibu kabla hata hajaomba mtu. Imesaidia kiasi gani, hapo mimi natembea polepole, kwa sababu huwezi kurudisha kimbunga kile kile mara ya pili ulinganishe.

Halafu kuna kitu kidogo ambacho mimi nakipenda kuliko vyote, maneno. Mwaka 1970 California iliungua karibu wiki mbili, zimamoto wakaja kutoka idara chungu nzima, na baadaye walipokaa kujiuliza nini kilienda kombo, waliona kwamba shida kubwa haikuwa maji wala watu, ni kwamba walikuwa hawaelewani. Kila idara na redio zake, vyeo vyake, msamiati wake. Mfano mzuri ni neno tanka, Marekani ya magharibi lilikuwa ndege ya kumwaga maji, mashariki lilikuwa lori, lile sisi tunaliita boza. Sasa wewe uko mlimani moto unakuja unaita kwenye redio nileteeni tanka, halafu unasikia honi.

Kutokana na moto ule ndo ukazaliwa mfumo wa amri wa tukio unaotumika leo nchi nyingi. Kila mtu ana bosi mmoja tu, bosi mmoja anasimamia watu 3 hadi 7, watano ndio pazuri, na maneno ni ya wote. Tanka ikabaki ndege, boza likapewa jina lake. Ukiangalia shirika la taifa linafanya nini miaka ambayo hakuna maafa, sehemu kubwa ni hii hii, kufundisha, kufanya mazoezi na kugombana kuhusu majina.

Na kama halina mikono, hata macho linaazima. Craig Fugate, aliyeongoza FEMA 2009 hadi 2017, alijulikana kwa kuangalia migahawa ya Waffle House, ambayo inafunguliwa saa 24 na inajivunia kutofungwa. Menyu kamili ikipatikana, kijani. Menyu pungufu, njano, labda umeme hakuna wanatumia jenereta. Mgahawa umefungwa, nyekundu, hapo anza kazi. Inachekesha lakini ina akili, maana mgahawa kufunguka kunahitaji umeme, maji, barabara na wafanyakazi walioweza kutoka nyumbani, vyote umevijua kwa kuuliza swali moja. Si kipimo cha kisayansi lakini, ni dalili tu, na kinakwenda na ramani ya migahawa yenyewe ambayo mingi iko kusini mashariki. California kwenyewe, ulikotokea ule moto wa 1970, hakuna hata mmoja.