Diazepam: maswali ya wanaomeza dawa ya kutuliza wasiwasi

Daktari kaniandikia diazepam. Ni dawa gani?
Ni dawa ya kutuliza, ya kundi la benzodiazepini. Wengi wanaijua kwa jina la Valium, lililoingia sokoni mwaka 1963. Ubongo una kemikali yake ya kutuliza, GABA, na diazepam huiongezea nguvu. Hospitalini hutumika pia kuzima degedege.

Inatibu sonona?
Hapana. Ndugu yake, alprazolam, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa sonona na baadhi walipata nafuu, ila hofu ya uraibu imeifanya isiwe chaguo la kawaida. Mwenye sonona anahitaji tiba ya sonona yenyewe.

Nimeimeza miezi mitatu na sasa najisikia mzima. Niache leo?
Tafadhali usiache ghafla. Kwa kawaida dawa hii hutolewa kwa wiki mbili hadi nne tu, kwa sababu mwili huizoea upesi, hata kwa mtu anayefuata maelekezo vizuri kabisa. Ukiikata mara moja, wasiwasi unaweza kurudi kwa kishindo, ukakosa usingizi, ukatokwa jasho, na wengine hupata degedege la kuhatarisha maisha. Kinachowaponza wengi ni kwamba diazepam hukaa mwilini muda mrefu. Siku za mwanzo unajiona umevuka salama, kisha asubuhi moja unashika kikombe cha chai na mkono unatetemeka hadi chai inamwagika. Rudi kwa daktari akupunguzie kidogo kidogo: kwa mfano kutoka miligramu 10 hadi 9, ukae hapo wiki kadhaa, ndipo ushuke tena. Kazi hiyo inaweza kuchukua miezi, na hakuna aibu ndani yake.

Mama ana miaka 70 na hapati usingizi. Nimgawie kidonge kimoja?
Usimgawie. Mwili wa mzee huitoa taratibu zaidi. Akiamka usiku kwenda chooni atayumba, na akianguka anaweza kuvunjika nyonga. Mpeleke akapimwe, huenda kinachomnyima usingizi ni maumivu.

Naweza kunywa bia kidogo?
Hata kidogo, usinywe. Diazepam pamoja na pombe, au na dawa kali za maumivu kama tramadol, kodeini au mofini, hudhoofisha upumuaji hadi mtu anaweza kufa usingizini. Ukimkuta aliyechanganya amelala haamshiki, mlaze ubavu, angalia anavyopumua, na mkimbize hospitali pamoja na pakiti za dawa alizomeza.