Harufu ya kahawa si ya mnywaji peke yake

Wengi huamini raha ya kahawa ni ya mwenye kikombe tu. Si kweli. Buni mbichi hunukia kama majani. Moto wa kukaangia ndio unaozalisha mamia ya kemikali zinazopaa hewani. Zinamfikia kila aliye karibu, na ndiyo maana namthamini sana muuza kahawa wa barazani: dele lake huwafaidi hata wasionunua. Mwaka 1997 mwanasaikolojia Robert Baron alichapisha utafiti uliofanyika kwenye jengo la maduka Marekani. Wapita njia waliosikia harufu nzuri, ya kahawa ikikaangwa au biskuti zikiokwa, walikuwa wepesi zaidi kumwokotea mgeni kalamu aliyoidondosha, au kumpa chenji ya dola. Walijieleza pia kuwa na furaha zaidi.