Kulipa kima cha chini hakuzuii riba

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Dar, hasa yale yenye ndugu walioko Marekani: "Kadi ya mkopo ya duka ukilipa kima cha chini kabla ya tarehe, hutozwi chochote." Nusu yake ni kweli, na ndiyo maana haufi.

Kima cha chini, yaani kiasi kidogo kabisa unachotakiwa kulipa kila mwezi, kikifika kwa wakati, unaepuka faini ya kuchelewa. Riba ni habari nyingine. Ukinunua televisheni ya dola 600 ukalipa 30, zile 570 zinaendelea kuzaa riba, na riba ya kadi za maduka kwa kawaida huwa juu.

Kinachochanganya zaidi ni ofa za "miezi 12 bila riba". Nyingi zina sharti dogo: ukibakiwa na deni muda ukiisha, unatozwa riba yote tangu siku ya kununua. Hapo ndipo watu huhisi wameibiwa.

Kuhakiki si kazi. Fungua taarifa ya kadi ya mwezi: tangu sheria ya Marekani ya 2009, lazima ioneshe tarehe ya mwisho na itachukua muda gani kumaliza deni kwa kulipa kima cha chini tu. Anayekudai pia mara nyingi ni benki iliyotoa kadi, si duka. Soma jina la mlipwaji kabla ya kutuma.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mwulize aliyeutuma kama ameisoma taarifa yake.