Mwezi Usiotiwa Wino

Watu wakiniletea picha ya Kijapani iliyochapwa kwa mbao, yenye tennyo, yaani wanawali wa mbinguni, hunionyesha kwanza uso na mavazi. Macho yangu huenda kwenye mwezi. Katika picha nyingi za aina hii mwezi haukuchapwa: ni karatasi tupu iliyoachwa, anga likapakwa rangi kuuzunguka. Karatasi ikiingia madoa ya unyevu, basi mwezi ndio ulioharibika.

Nakusanya hasa mfululizo wa picha 100 za mwezi wa Tsukioka Yoshitoshi, uliochapishwa Tokyo na Akiyama Buemon kuanzia 1885 hadi 1892, mwaka aliofariki msanii huyo. Humo yumo Chang'e, mwanamke wa hekaya za Kichina, ambaye Wajapani humwita Jōga: alimwibia mumewe dawa ya kutokufa, akaimeza, akapaa hadi mwezini. Yumo Kaguya-hime, aliyeokotwa ndani ya mwanzi na mzee mkata mianzi, akalelewa, kisha akarudi kwao mwezini. Niipendayo kuliko zote ni ya 1889: Songoku, mfalme wa nyani, anaruka pamoja na sungura mweupe mbele ya mwezi mkubwa ajabu. Wajapani wakiutazama mwezi mpevu humwona sungura akitwanga mochi, keki ya mchele unaonata, kwenye kinu. Mimi niliyelelewa kwa hadithi za Sungura, kumkuta kule juu na mchi mkononi kulinigusa sana.

Yoshitoshi alichora tu. Mchongaji alichonga mistari kwenye ubao wa mti wa cheri, kisha mbao nyingine za rangi. Mchapaji akalaza karatasi juu ya ubao uliopakwa rangi, akaisugua mgongoni kwa baren, kisuguo cha duara kilichofunikwa ganda la mwanzi. Alama mbili zilizochongwa ubaoni, kento, huifanya kila rangi iangukie mahali pake. Lakini uhodari wenyewe uko kwenye anga. Giza linalofifia taratibu kuelekea kwenye mwanga huitwa bokashi, na hakuna mchongo unaolitoa: mchapaji huiyeyusha rangi kwa maji na brashi palepale ubaoni, upya kwa kila karatasi. Ndiyo maana nakala mbili za picha ileile zinaweza kuwa na usiku tofauti.

Nakala za mwanzo za mfululizo huu zina kisanduku cha jina chenye rangi kadhaa. Katika za baadaye kazi imerahisishwa. Tazama pia karazuri, michoro iliyobonyezwa bila wino. Ukiitazama picha moja kwa moja huioni. Ilaze, mulika taa kutoka ubavuni, mikunjo ya vazi itainuka.

Jōga wangu wa kwanza nilimnunua kwa kupenda uso. Pambizo zilikuwa zimekatwa, na picha za enzi ya Meiji (1868–1912), enzi ya Yoshitoshi, mara nyingi hubeba hapo tarehe na jina la mchapishaji. Aliyeniuzia alikuwa ameibandika kwenye kadibodi, kwa hiyo mgongo sikuuona. Sasa sinunui picha iliyobandikwa. Karatasi ya kozo, mti wa jamii ya mforosadi, hunywa rangi, na msuguo wa baren huisukuma hadi upande wa pili. Nageuza picha polepole karibu na dirisha: usiku umepenya hadi nyuma, na palipo mwezi mgongo ni mweupe.