Taa za 4x4 zinapepesa? Dhana za gereji na ukweli wa mipira ya vakyumu

Kwenye dashibodi ya Pajero ya kizazi cha pili, ile iliyoanza kuuzwa mwaka 1991, kuna mchoro mdogo wa magurudumu manne. Ukihamisha gia ndogo kutoka 2H (gari linavutwa na magurudumu mawili) kwenda 4H (yote manne), taa mbili za mbele zinapepesa kidogo kisha zinatulia. Siku zikikataa kutulia, ushauri wa bure haukosekani, na mwingi unakupeleka kununua chuma kikubwa wakati kilichopasuka ni mpira mwembamba kuliko kidole.

"Taa zinapepesa, basi difu ya mbele imekwisha."

Hii ndiyo inayokula pesa za watu. Difu ni gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu. Taa hizo zinatoa habari kutoka kwenye swichi ndogo iliyofungwa kwenye difu, na swichi inangoja uma wa ndani usogee ili ekseli ya mbele iunganishwe. Uma unavutwa na kopo lenye ngozi ya mpira ndani. Upande mmoja wa ngozi ukinyonywa, hewa ya nje inaisukuma, fimbo inasogea, meno yanaingia. Upande wa pili ukinyonywa, meno yanatoka. Solenoidi mbili, yaani valvu ndogo za umeme, ndizo zinazoamua mpira upi (bomba la mpira) upate mnyonyo, yaani vakyumu.

Kwa hiyo kabla hujafika kwenye meno ya difu kuna pampu, tangi la akiba, valvu ya njia moja, solenoidi, mipira, kopo na swichi. Vyote hivyo hukaguliwa bila kumwaga oili ya difu. Chomoa mipira miwili kwenye kopo injini ikiwa imezimwa, unganisha pampu ya mkono yenye geji upande mmoja, nyonya, halafu tazama fimbo. Ikisogea na sindano ya geji ikabaki palepale kwa dakika nzima, ngozi ni nzima. Sindano ikishuka, ngozi imetoboka. Rudia upande wa pili. Fimbo ikisogea vizuri pande zote na taa bado zinapepesa, geukia swichi na waya wake.

Kupepesa kwa muda mfupi si ugonjwa. Meno hayakukutana tu. Sogeza gari mbele taratibu, yataingia. Na ikiwa mipira imebadilishwa karibuni, hakikisha haikupishana, kwa sababu ikipishana gari linaunganisha ekseli ukiwa 2H na kuiachia ukiweka 4H. Baadhi ya Hilux za zamani na Jeep Wrangler YJ ya 1987 hadi 1995 zina mpangilio wa jamii hiyohiyo, kwa hiyo ukaguzi haubadiliki sana.

"Mnyonyo unatoka kwenye injini yenyewe."

Kwa petroli, ndiyo. Dizeli ya kawaida haina kipepeo cha kubana hewa inayoingia, kwa hiyo manifoldi yake hainyonyi kitu cha maana. Ndiyo maana 4D56, injini ya dizeli ya Pajero, ina pampu ya vakyumu mgongoni mwa alteneta, inayolainishwa na oili ya injini. Ukifunga alteneta ya mtumba, pampu yake nayo ni ya mtumba. Watu husahau hilo, wanapima chaji, wanaridhika, wanaondoka.

Pampu hiyohiyo inalisha busta ya breki, kopo linalopunguza nguvu ya kukanyaga pedali, na hapa kuna njia ya mkato ninayoipenda. Zima injini, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, endelea kuikanyaga, kisha washa. Pedali ikizama kidogo chini ya mguu, busta inapata mnyonyo, kwa hiyo tafuta kosa kwenye tawi la 4x4. Isipozama, achana na difu kabisa: anzia kwenye pampu, mpira mnene wa busta na valvu yake ya njia moja, na gari lisiingie barabarani hadi hilo liishe.

"Geji inasoma 21 tu, pampu imechoka."

Unapimia wapi? Vakyumu hupimwa kwa kulinganisha na hewa ya pale ulipo. Mombasa au Dar es Salaam, usawa wa bahari, hewa inasukuma kwa takriban inchi 29.9 za zebaki. Nairobi, takriban mita 1,700 juu, hewa yote iliyopo ni kama inchi 24 na nusu. Hakuna pampu duniani itakayosoma 27 pale, hata ikitoka kwenye boksi leo. Kanuni ya haraka ni kupunguza inchi moja kwa kila mita 300 unazopanda. Injini ya petroli yenye afya, ikiwa kwenye silensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), husoma kati ya 17 na 21 pwani. Ileile ukiipima Nairobi itakupa 12 hadi 16 hivi. Vitabu vingi vya matengenezo vinatoa namba za usawa wa bahari, na fundi anayezisoma akiwa Mbeya au Eldoret anaweza kuhukumu pampu nzima kifo.

"Puliza kabureta klina, utasikia injini ikibadilika."

Kwenye petroli mbinu hii ya kutafuta panapovuja hufanya kazi, ila ni ya hatari karibu na exosi ya moto na waya za plagi. Kwenye dizeli haisaidii: kinachonyonywa kwenye ufa kinaishia kwenye pampu na oili, silensa haitikisiki. Tumia pampu ya mkono, kipande kwa kipande, au tega sikio karibu na mpira usikie "sss".

"Mpira ni mpira."

Wa maji wa plastiki laini hubonyea ukinyonywa, hasa ukipata joto, na njia inajifunga bila kuonyesha ufa wowote. Wa silikoni wa rangi unapendeza, lakini hauelewani na mvuke wa oili unaotoka kwenye pampu. Nunua mpira wa vakyumu wenye ukuta mnene. Uko tele Kirinyaga Road, Nairobi, na Gerezani, Dar es Salaam, huuzwa kwa mita, na nenda na kipande cha zamani upimishe tundu. Kabla ya kununua, angalia ncha. Mipira mingi huchanika pale inapovaa kwenye bomba, na ukikata sentimita moja na kuirudisha, kazi imekwisha. Kuzungushia selotepu ni kujidanganya hadi mvua ijayo.

"Solenoidi hii imepotelewa na mpira, ngoja nizibe."

Usizibe! Solenoidi huwa na tundu la kupumulia, mara nyingi lenye kofia na sponji ndogo ndani. Hapo ndipo hewa hurudi ili kopo liachie. Ukiliziba, au sponji ikijaa vumbi la barabara ya murram, ekseli ikishaunganishwa hukawia kuachia au inagoma kabisa. Itoe kofia, safisha sponji, rudisha.

"Mimi situmii foo wili, acha ivuje."

Tawi hilo linakunywa kutoka chanzo kimoja na busta ya breki. Kwenye petroli, hewa inayoingia kwa wizi inapunguza uzito wa mchanganyiko wa mafuta na hewa, silensa inayumba na injini inapata joto lisilo la lazima. Kama spea itachelewa, chomoa mpira wa kulisha solenoidi pale kwenye njia panda na uvalishe kofia ya mpira inayobana, huku mpira wa busta ukiuacha ulivyo. Weka gia ndogo 2H kwanza na hakikisha taa za mbele zimezima, maana uma ukikwama umeunganishwa, utaendesha nao hivyo mpaka spea ifike.